Mizani ya Usiku

Mchana napima korosho za watu,
gunia kwa gunia, dirisha la pili,
ghala la chama, Newala.
Usiku, watoto wakishalala,
naitoa mizani ndogo ya sonara
niliyoipata Lindi kwa kubembeleza,
napima nati.

Nati moja, gramu nne.
Nikiitoboa katikati, tatu.
"Umeokoa nini?" anauliza Somoe,
kajilaza, uso ukutani.
Gramu moja, mama watoto.
"Ungekata kucha ungeokoa mbili."

Fremu ilishuka bandarini Mtwara
ndani ya kontena la mitumba, chini ya magodoro,
chuma chembamba cha Kitaliano, kijani kilichobabuka.
Jina la mwenyewe wa kwanza limekwanguliwa
ikabaki herufi moja, R.
Nililipa kwa malipo ya pili ya korosho,
yale yaliyokuwa ya bati.
Masika ya mwaka ule tuliyakinga kwa sufuria.

Magurudumu kayafuma Nandonde wa Masasi,
spoki thelathini na mbili.
Kila moja aliipiga kwa ukucha, akategesha sikio
kama mtu anayenunua chungu.
"Hii inasema uongo," akaikaza robo mzunguko.
Gia ya mbele ilikerezwa Ndanda, kwenye karakana ya misheni,
meno arobaini na mawili tu,
maana mlima wetu haumheshimu mwenye hamsini.
Na vizibo vya usukani ni mpingo.
Mchongaji hakutaka hela:
"Nilimkosea shetani mmoja sikio, chukua."

Jirani yangu Hausi ana Foniksi.
Hupandisha madumu manne kutoka bondeni,
lita themanini, miguu peku, na bado anapiga mluzi.
Aliizunguka yangu mara mbili.
"Inabeba lita ngapi?"
Haibebi kitu.
"Hata mke?"
Hata mke.
"Basi hiyo si baiskeli, Chikawe. Huo ni wasiwasi."

Malenga mniwie radhi,
shairi hili halina mizani.
Mizani zote nimeziacha kazini.

Mbio zilikuwa Agosti, mikorosho imechanua,
barabara nzima inanukia utamu wa kukera koo.
Tulitoka Masasi watu kumi na tisa.
Vijana wa Mtwara mjini, jezi zao sare, miguu imenyolewa,
walinipita tambarare kana kwamba nimeegeshwa.
Sikuwafuata.
Nilikuwa nawangoja mlimani, nyuma yao.

Kona ya kwanza nikamkuta mmoja anayumba.
Kona ya pili, wawili, hawaongei.
Halafu sikumbuki kona.
Nakumbuka cheni inavyosema ikikaa sawa, haisemi,
nakumbuka ukungu wa Newala ukinishika shingo
kama kitambaa cha maji,
na spoki ile iliyoacha uongo,
na mapaja yangu yakiniuliza tuligombana lini.
Hausi alikuwa anateremka na madumu matupu.
Akafunga breki, akasimama katikati ya lami,
akapiga kelele: "Sukuma wasiwasi! Sukuma!"

Nilikuwa wa sita.
Zawadi zilikuwa tano.
Wa tano alinitangulia kwa unene wa tairi,
na tairi zetu ni nyembamba.
Somoe alinipa maji, akasubiri ninywe yote.
Hakusema neno.
Aliniangalia kucha.

Jumatatu, dirisha la pili.
Bi Mkanachapa kaweka gunia, kasoma namba, kakunja uso.
"Mizani yako inaiba."
Nyuma yake foleni inaguna, watu wana jua kichwani.
Bibi, ni gramu tu hizo.
Nilitaka kusema hivyo. Mwaka jana ningesema.

Nimelishusha gunia.
Nimepangusa sahani, nimetoa kokoto lililokwama chini yake,
nimelipandisha tena, nimeshika pumzi
mpaka mshale ukaacha kutikisika.
Mia mbili na hamsini zaidi.
Naandika.